Mume wangu kakutwa na kansa ya damu (CML), nianzie wapi kutafuta msaada kabla sijauza shamba?

MamaNasra_Ifa

Habari zenu wapendwa. Nitaandika ndefu mnivumilie, kichwa hakijatulia. Mume wangu ana miaka 41, ni fundi wa kuchomelea mageti Ifakara. Toka mwaka jana mwezi wa kumi alianza kupungua, usiku anatoka jasho mpaka shuka unalikamua, tumbo upande wa kushoto likawa gumu kama kuna jiwe ndani, akila vijiko vitatu kashiba. Tukatibu malaria, tukatibu taifodi, tukatibu vidonda vya tumbo, mama mkwe akasema huu ni mkono wa mtu, huko nako tukaenda na mbuzi akaondoka. Mwisho dokta mmoja kijana ndo akasema apimwe damu yote, majibu yakatoka chembe nyeupe laki mbili na themanini elfu, na mtu mzima wa kawaida anasema haziendi zaidi ya kumi na moja elfu hivi. Tukapewa rufaa ya Morogoro, Morogoro wakatupa ya Muhimbili. Huku wamesema ni kansa ya damu, aina inaitwa CML, wamempa vidonge vya kuzishusha hizo chembe wakati tunasubiri kipimo kikubwa cha kuthibitisha.

Sasa hela. Sisi tuna ile CHF, bima ya afya ya jamii, tuliyoilipia elfu thelathini kwa familia, imetubeba vizuri tu mpaka Morogoro, tulipofika huku tukaambiwa kadi hiyo mwisho wake hospitali ya mkoa. Toka hapo kila kitu mfukoni. Mtu kanitajia dawa yenyewe inaitwa imatinibu, nikaenda duka la dawa Kariakoo kuuliza, bei ya mwezi mmoja waliyonitajia ni zaidi ya tunachoingiza miezi miwili mimi na yeye, na wanasema anakunywa maisha yake yote!! Nilitoka pale nikakaa kwenye ngazi za watu nikalia mpaka mlinzi akaniletea maji.

Tumefikia kwa wifi yangu Mbagala, vyumba viwili tuko tisa. Watoto watatu wamebaki kwa bibi yao. Mimi nilikuwa nauza vitumbua na uji, sasa hivi siuzi kitu. Kuna dada kanambia kuna mkopo unapata siku hiyohiyo unaweka rehani mashine ya kuchomelea. Shemeji yangu yeye anasema tuuze shamba la mpunga, ekari mbili, mteja yupo anataka wiki hii.

Naomba anayejua njia anielekeze. Siombi hela hapa naomba NJIA.

Msela_wa_Tandika

Pole sana dada. Ila tuwe wakweli, humu kila wiki kuna mtu "mume anaumwa" alafu mwisho inakuja namba ya simu. Tusubiri tuone.

BintiMrisho

@Msela kasoma "siombi hela" lakini macho yamemdanganya. Tuache hayo.

Mama Nasra mwenzio nilikaa kwenye ngazi kama hizo 2016. Mume wangu ana hiyohiyo CML, na leo ninavyokuandikia yuko nje anagombana na jirani kuhusu maji ya mfereji, kanenepa, anaendesha bajaji. Nimeanza na hilo makusudi maana najua ukisikia neno kansa ya damu unaona kaburi.

Sikiliza. Lukemia, yaani hiyo kansa ya damu, sio ugonjwa mmoja. Kuna zile za ghafla, hizo zinataka mgonjwa alazwe apigwe kemo, zile dawa kali za kansa, na kuongezewa damu juu ya damu. Hii yenu inakwenda taratibu, na ndo ile iliyopatiwa kidonge, kimoja kwa siku, toka 2001 huko Marekani. Mgonjwa akiitikia vizuri na akawa haruki dozi anaishi miaka yake kama watu wengine. Kwa hiyo kitu cha kwanza kabisa kabla ya hela ni HICHO KIPIMO, kinaitwa BCR-ABL. Kinaangalia kama kuna ile kasoro ya kromosomu (zile nyuzi za urithi ndani ya chembe) inaitwa Philadelphia. Bila karatasi ya hicho kipimo huwezi kuingia kwenye msaada wowote wa dawa, kwa hiyo kama una shilingi moja iliyobaki iende hapo, usiipeleke Kariakoo.

Msaada wenyewe sasa. Kuna shirika linaitwa Max Foundation, la Marekani, lilianzishwa 1997 kwa jina la kijana aliyekufa kwa lukemia. Wao miaka yote wanashirikiana na viwanda vya dawa kuleta imatinibu BURE kwa watu wa CML kwenye nchi kama zetu. Sisi tulianzia Ocean Road, ile hospitali ya kansa ya Dar, kwenye huo mpango, wakati huo ulikuwa unaitwa GIPAP, na dawa ilikuwa ile ya kampuni yenyewe, Glivec. Toka siku hiyo hatujanunua kidonge hata kimoja. Tunachotumia ni nauli na vipimo.

Lakini usije ukaingia kwenye simu kuanza kujaza jaza fomu mwenyewe. Dawa haitumwi nyumbani. Daktari anayemtibu ndo anamuandikisha, kwenye kituo kilichokubaliwa, na dawa anaichukulia hapohapo kliniki. Kwa hiyo ukimuona dokta bingwa wa damu muulize hivi, neno kwa neno: "Dokta, mume wangu anaweza kuandikishwa kwenye mpango wa Max wa dawa ya bure, na kwa hapa inafanyikia wapi?" Usiseme "hatuna uwezo" ukanyamaza. Kila mtu kwenye ile foleni hana uwezo. Mimi nilisema hatuna uwezo miezi miwili mizima kwenye hospitali moja na hakuna aliyenitamkia hiyo kitu, nilikuja kuambiwa na mgonjwa mwenzetu tukiwa kwenye benchi tunakula mihogo.

Na mtu akikwambia "nipe kiasi fulani nikuingize kwenye mpango" huyo mwizi. Kuandikishwa hakuna ada.

MamaNasra_Ifa

Dada BintiMrisho nimesoma hii mara tatu, mara ya tatu nimemsomea yeye mwenyewe kwa sauti. Kanyamaza, akasema "bajaji?" akacheka kidogo. Mara ya kwanza kucheka toka tuje mjini.

Hicho kipimo wametuambia turudi wiki ijayo. Ndo bado hatujalipia.

Kijiti_cha_Muwa

Dada usilipie kwanza mpaka usome hapa.

Mimi nimefanya kazi ustawi wa jamii hospitalini miaka sita (sio huko mliko, mkoa mwingine), nimeshaacha. Kila hospitali kubwa ya serikali ina ofisi ya ustawi wa jamii na kazi yake mojawapo ni kumchuja mgonjwa asiye na uwezo na kumpa msamaha, wote au nusu. Na saratani kwenye sera ya afya ya nchi hii imo kabisa kwenye orodha ya magonjwa ya msamaha. Sasa karatasini ni bure, dirishani utaambiwa lipia hiki, dawa hii imeisha kanunue nje, hilo nakubali na sitakudanganya. Lakini tofauti kati ya aliyepita ustawi na asiyepita ni kubwa mno.

Kosa ambalo nimeliona mpaka nimechoka: watu wanakuja kwetu wameshauza kila kitu. Anauza ng'ombe, anauza kiwanja, analipa bili tatu nne, hela inaisha NDO anaulizia ustawi. Pale tunamuandikia msamaha, sawa, lakini msamaha haurudi nyuma, ng'ombe kaenda. Njoo siku ya kwanza. Njoo kabla ya kulipia hicho kipimo. Ofisi hiyo haipo kwenye geti na bango lake dogo, uliza nesi yeyote "ofisi ya ustawi wa jamii iko wapi" atakuonyesha.

Cha kubeba: barua ya mtendaji wa kijiji au serikali ya mtaa inayosema hali yenu halisi, kazi ya mume, kwamba sasa hafanyi kazi, watoto wangapi. Iwe na muhuri. Barua za "tunamtambulisha mkazi wetu" tu hazisaidii sana, mwambie mtendaji aandike kipato. Rufaa zote mbili, kopi za vitambulisho, hiyo kadi ya CHF pia ibebe, inaonyesha mlijitahidi. Na risiti zote ulizokwisha lipa usitupe hata ya elfu mbili.

Halafu jieleze. Najua ni aibu. Nimeona wanaume wazima wanakaa mbele yangu wanasema "tunajikongoja tu" wakati nyumbani hawajala toka jana. Kama mnalala tisa kwenye vyumba viwili sema tisa. Ustawi hawezi kuandika kitu ambacho hujamwambia.

BabaWawili_

Poleni sana familia. Mimi niko upande wa pili wa hii habari kwa hiyo nitasema machache.

Mke wangu alikuwa na ile ya ghafla. Wiki kumi na moja toka alazwe mpaka tunamzika. Sikuja kukutisha mama Nasra, yenu siyo hiyo, kama alivyosema dada hapo juu. Nimekuja kwa ajili ya wengine wanaosoma kimya kimya ambao wao wamepewa hiyo ya ghafla, maana nao wapo.

Kwetu kilichomaliza hela hakikuwa dawa, kilikuwa kila kitu kinachozunguka dawa. Damu hainunuliwi, usije ukanunua, mtu akikusogelea kwenye korido akasema anayo ya kuuza huyo ni tapeli. Lakini damu inatakiwa irudishwe na ndugu, na zile chembe zinazogandisha damu hazikai siku nyingi, kwa hiyo leo unaita watu wanne na Ijumaa unaita wengine wanne. Mwanaume akishatoa anasubiri miezi mitatu, mwanamke minne. Mimi wiki ya kwanza kwa presha niliwaita ofisi nzima siku moja, wakatoa wote, wiki ya tatu sina mtu. Ingekuwa nirudie ningeandika majina kwenye daftari, wewe Jumanne, wewe wiki ijayo, wewe ngoja nikupigie. Watu hawakatai kutoa damu, watu wanakatalia hela. Na wale ambao mnasema "tukusaidieje" na hamna kitu, nendeni mkatoe damu, huo ndio msaada.

Kingine ni kazi. Kama anayeumwa ndiye aliyeajiriwa, sheria ya ajira ya 2004 inampa likizo ya ugonjwa siku 126 kwenye mzunguko wa miezi 36, siku 63 za mwanzo mshahara kamili na 63 zinazofuata nusu. Watu wengi wanaacha kazi kwa mdomo tu wiki ya pili na wanapoteza hilo, na kama kuna bima ya kazini inaondoka nayo. Usiache kazi. Peleka karatasi ya daktari, chukua saini ya mapokezi.

Ila ukiwa wewe ndo mwenza unayeuguza hali ni nyingine. Nilienda kwa mtu wa rasilimali watu akanifungulia hiyo sheria akanisomea. Zile siku nne za likizo ya kulipwa ni mtoto akiumwa au akifa. Mke, ni akifa. Mke akiumwa haipo. Nilizipata hizo siku nne baadaye.

Mswahili_wa_Likoni

Poleni mwenzetu, salamu kutoka Mombasa. Huku kwetu mambo yamebadilika, NHIF, bima yetu ya afya ya zamani, ilikwisha ikaja SHA mwezi wa kumi 2024. Walipoanza, kansa ilikuwa laki nne kwa nyumba nzima kwa mwaka, zikiisha hizo kuna laki na nusu za juu kutoka ule mfuko wa maradhi sugu. Shilingi za Kenya hizo. Kwa kidonge cha CML ukikipata bure kwa Max hizo pesa zakutosha vipimo bila taabu, kwa ile ya ghafla hazifiki mbali, wallahi twaona watu zawaishia mwezi wa tano.

Shida yetu ni kuwa asiye na mshahara hutakiwa alipe mwaka mzima kwa mkupuo, sasa mvuvi au mama wa mahamri azitoe wapi kwa siku moja? Twafanya hivi: chama chetu cha kina mama kila mwezi mmoja wetu alipiwa SHA yake badala ya kupewa sufuria. Sufuria zimejaa.

Na kama nyinyi ni Waislamu usione haya kuuliza msikitini habari ya zaka. Mgonjwa aliyelemewa na madeni ana haki yake mle, si sadaka ya huruma.

Fundi_Kandambili

Sasa hapa pa mkopo ndo pangu. Dada hiyo mikopo unayoambiwa ya siku hiyohiyo jina lake mtaani unalijua, KAUSHA DAMU, riba yake inakunyonya mpaka unakauka. Mume ana tatizo la damu alafu wewe unaenda kuchukua kausha damu?? Hapana jamani.

Hiyo mashine ya kuchomelea usiweke rehani, hiyo ndo inawalisha. Mume wako hana kijana aliyekuwa anamfundisha? Mwachieni fremu na mashine, awaletee hesabu ya wiki. Ndogo lakini inaingia. Mimi boss wangu alipovunjika mguu nilimpelekea hesabu miezi minane na mpaka leo ananiita mwanangu.

Shamba hivyohivyo. Ekari mbili za mpunga bonde la Kilombero watu wanazitafuta kwa tochi, KODISHA msimu mmoja au miwili kwa maandishi mbele ya mtendaji, usiuze. Huyo mteja anayetaka "wiki hii" kashasikia mna mgonjwa, bei yake ni ya msiba. Alafu ukishauza mtakula nini mkirudi? Mgonjwa wa dawa ya kila siku anatakiwa ale ndo ameze.

BintiMrisho

Fundi umesema. Nilisahau hilo, imatinibu inamezwa na chakula na maji glasi kubwa, ukimeza tumbo tupu inachafua roho kweli. Na mizizi ya mama mkwe asichanganye na hiyo dawa jamani, baadhi inagombana nayo, akitaka kunywa chochote amuulize dokta kwanza.

Na michango. Utaambiwa fungua grupu la WhatsApp. Fungua, lakini usiwe mweka hazina wewe. Chagua mtu mwenye sura ya kuaminika, kwetu alikuwa mwalimu wa kwaya. Tukiingiza hela anaandika, tukitoa anapiga picha risiti anaweka palepale. Na tusiseme "tunaomba mchango wa matibabu" hivi hivi, watu wanachoka. Sema kitu chenye mwisho: nauli ya Ifakara mpaka Dar mara mbili, au kipimo fulani, Jumamosi tunafunga. Sisi Watanzania mtu anachangia harusi laki moja ya sare na ukumbi bila kuulizwa mara mbili, ukimwambia ugonjwa anauliza utaisha lini. Kwa hiyo mpe tarehe ya kuisha kama harusi.

Kitu kikubwa sio kupata dawa, ni kuendelea. Kuna mwenzetu alianza na mume wangu, alipojiona kapona na nguvu zimerudi akaona sasa nauli ya kila mara ya nini. Akaruka mwezi, akaruka mwingine. Ugonjwa ulirudi na dawa ileile haikumkubali tena. Kwa hiyo hela ya kutafuta kwa sasa, ukishapata dawa bure, ni hela ya NAULI ya miaka mingi. Hesabu hiyo ndo ya kukaa nayo na shemeji zako.

Msela_wa_Tandika

Dada nilikosea, samahani. Niko Tandika na Mbagala ni hapo tu, nina bodaboda. Siku ya kliniki nitawapeleka na kuwarudisha, bure. Damu pia nipo, kundi O, sijatoa toka mwaka juzi.

MamaNasra_Ifa

Nimerudi. Wiki mbili zimepita samahani simu iliharibika kioo.

Nilimpigia mtendaji wa kwetu, barua ya kwanza alituma ile ya "mkazi wetu" kama Kijiti alivyosema, nikamrudia akaandika nyingine ya maana, akaipiga muhuri akampa dereva wa basi, nikaipokea Magufuli stendi saa tano usiku. Ustawi nilikaa toka asubuhi mpaka saa nane mchana. Mama mmoja mtu mzima kanisikiliza mpaka mwisho. Nilisema tisa. Kipimo wametusamehe nusu, ile nusu nyingine wifi na grupu la kwaya la Ifakara walitoa (hapo sasa ndo nimejua kwanini mwalimu wa kwaya, dada umenifundisha).

Majibu yametoka, ni yenyewe, BCR-ABL ipo. Dokta nilimuuliza lile swali neno kwa neno, akanitazama akasema "nani kakwambia kuhusu Max?" nikasema dada mmoja mwenye mume wa bajaji. Akacheka, akasema wanaanza kumuandikisha, tusubiri tuitwe, na wakati huo aendelee na vidonge vya kushusha chembe. Zimeshuka zimefika tisini elfu. Tumbo limeanza kulainika, juzi kala ugali na dagaa akaongeza.

Shamba halijauzwa. Limekodishwa msimu mmoja. Shemeji kanuna. Mashine yupo nayo Hamisi, kashatuma hesabu mara mbili.

@BabaWawili sijui nikwambie nini kaka yangu. Tumekuombea.

Swali langu moja limebaki. Tukishaanza dawa, ni lazima tuje Dar kila mwezi au kuna wanaopewa ya miezi kadhaa? Nauli ya watu wawili kwenda na kurudi ndo inaninyima usingizi sasa.

BintiMrisho

Alhamdulillahi!! Mwanzoni watawaita mara kwa mara, wanataka kuona damu inavyokwenda, hapo msikwepe. Akitulia, kwetu walianza kutupa ya miezi mitatu, ila hilo anaamua dokta na inategemea na dawa iliyopo stoo. Muombe mapema muwe mnapangiwa kliniki siku za katikati ya wiki, basi zinakuwa na nafasi na konda anapunguza.

Na yeye mwambie akishapata nguvu aje peke yake, wewe urudi kwenye vitumbua. Sisi tulichelewa hapo, tulikuwa tunakwenda wawili mwaka mzima bila sababu, ni woga tu.

MamaNasra_Ifa

Kasema atakuja peke yake ila anataka kwanza aione hiyo bajaji.

BintiMrisho

Siku ya kliniki yetu ni Jumatano. Aje asubuhi, ataikuta imepaki nje kwa muuza mihogo.